Kiti cha Sita na Pils ya Dakika Saba

Kwa siku mia tatu sitini na nne Gundolf Strehl hakumtapeli mtu yeyote, na afya yake ilikuwa imeanza kuzorota. Usingizi ulimpaa. Soseji hazikuwa na ladha. Mkono wake wa kulia, ule wa kumshika mteja begani, ulimwasha kila basi la watalii lilipoegesha mbele ya kanisa la Hollerbrunn, mji mdogo wa Ujerumani. Ilibaki siku moja tu mwaka utimie. Na katika siku hiyo moja, Jumatano saa nne asubuhi, mlango wa baa ya Jogoo Mwekundu ulifunguka akaingia Mmarekani.

Hakuna aliyehitaji kuulizwa kama ni Mmarekani. Alivaa kaptula mwezi wa Oktoba, viatu vyeupe vya mazoezi, kofia yenye picha ya samaki, na tabasamu la mtu anayeamini kwamba kila chumba anachoingia kilikuwa kikimsubiri. Alikuwa na kitambi cha amani na ndevu zilizoanza kuingia mvi. Aliangaza macho kushoto, akaangaza kulia, kisha akaenda moja kwa moja akaketi kwenye Meza ya Wenyewe.

Baa nzima ikanyamaza. Hata jiko la kuni lilipunguza sauti.

Meza ya Wenyewe ni ile ya mviringo karibu na jiko, yenye kibao cha chuma kinachoning'inia juu yake kwa mnyororo. Ina viti sita na wenyewe sita, na wasio wenyewe hawakai hapo hata baa ikifurika, hata mvua ikinyesha ndani. Yasemekana zamani askofu aliyekuja kubariki kengele alikunywa bia yake wima, ameegemea mlango, na akasema ni haki. Mwaka uliopita Alois, fundi mapipa, alifariki, na tangu siku hiyo kiti cha sita kilikuwa kitupu. Hicho ndicho Mmarekani alichokikalia.

Gundolf aliliona hilo kutoka mahali pake pa miaka thelathini, meza ndogo karibu na mlango wa choo, na moyo ukampasuka. Kwa maana kiti kile alikuwa akikitaka yeye.

Na tusimcheke haraka. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, hana mke, hana mtoto, na katika mji huu mtu anaweza kukujua miaka thelathini, akamzika mama yako, na bado akakuita Bwana. Bwana Strehl, habari za asubuhi. Bwana Strehl, pole na msiba. Ni wale wa Meza ya Wenyewe tu walioitana kwa majina matupu, wakatukanana, wakasukumana viwiko. Gundolf alikuwa amewauzia watu maji ya bomba kama maji ya watakatifu, amewapangisha Waholanzi nyumba isiyokuwa yake, na wakati Ukuta wa Berlin ulipobomolewa alikuwa amebomoa gereji yake mwenyewe na kuuza vipande vyake kama kumbukumbu ya uhuru. Alifaulu katika mambo mengi. Ila hakuwahi kumsikia mtu akimwambia, "Gundolf, sogea kidogo." Kutwa kucha alitamani hilo tu.

Alois alipozikwa, Gundolf alivaa tai akaenda kuomba kiti. Walicheka mpaka wakapaliwa. Kisha Daktari Hübschmann, tabibu mstaafu wa ng'ombe na mwenyekiti wa meza, alipangusa machozi akasema, "Sawa. Ukae mwaka mzima, kuanzia gulio la kanisa hili mpaka lijalo, bila kumwingiza mtu mjini. Ukiweza, kiti ni chako." Walidhani wamemfukuza kwa adabu. Yeye alikwenda nyumbani akaweka alama kwenye kalenda. Mwaka ungetimia kesho, Alhamisi, kengele ya saa sita mchana.

Mama Burgl, mwenye baa, mwanamke wa mikono minene na maneno membamba, alimwendea Mmarekani.

"Bwana mkubwa, hapo hapakaliwi."

"Oo! Samahani!" Mmarekani aliruka. Lugha ya Kijerumani ilipita kinywani mwake kama ng'ombe anayepita duka la vyombo. "Mimi najua hapana. Mimi anaitwa Wendell. Natoka Toledo, Ohio. Kiti hii mzuri sana!"

"Kiti hiki," alisema Ottmar, aliyekuwa mkuu wa stesheni na ambaye hakuwahi kuvumilia kitu kinachokwenda nje ya reli.

"Ndiyo! Kiti hiki mzuri sana!"

Daktari Hübschmann, aliyekuwa mezani na Ottmar kwa glasi ya kwanza ya siku, alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

Wendell alihamia meza ya jirani akaagiza pils, bia nyepesi ya rangi ya dhahabu. Mama Burgl alimwambia pils ya Jogoo Mwekundu inachukua dakika saba.

"Dakika saba! Sisi Toledo, sekunde saba!"

"Basi bomba la maji lipo uani, bwana. Lenyewe halina foleni."

Akaanza kumimina. Alimimina, akaacha povu litulie, akaenda kukata mkate. Akarudi akamimina tena, akaacha, akaenda kumsema muuza mboga mlangoni. Alirudi mara ya tatu, na povu likapanda juu ya ukingo wa glasi, jeupe na gumu, likasimama lisidondoke. Baba yake alimfundisha hivyo, na baba wa baba yake alimfundisha baba. Ukitaka kuujua utu wa mtu Hollerbrunn, humtazami akinywa pils. Unamtazama akiisubiri.

Wendell alisubiri kwa kuongea. Alisema yeye mwenyewe ni mpika bia. Alisema anapika pils ya Kijerumani halisi kabisa, na kutoka mkobani akatoa kopo. Kopo lilichorwa ngome, tai, na msichana mwenye misuko miwili aliyebeba nanasi.

"Kuna nini humo?" aliuliza Ottmar.

"Pils! Shayiri, maua machungu ya hopi, mengi mengi, na nanasi."

Ottmar aliisogeza glasi yake mbali na kopo.

"Nanasi," alirudia Daktari. "Ndani ya pils. Kwa makusudi?"

"Watu anapenda sana!"

Mama Burgl alifungua kopo, akalinusa jinsi mtu anavyonusa maziwa ya juzi, akalirudisha mezani kwa vidole viwili. Wendell hakuona haya hata kidogo. Macho yake yalikuwa yamerudi kwenye kiti cha sita.

"Mimi nataka nunua kiti hiki," alisema. "Anauza nani?"

Daktari alicheka. "Hakiuzwi dukani, ndugu yangu. Mwenye kiti peke yake ndiye anayeweza kumpa mtu au kumwuzia, ndiyo sheria ya meza tangu enzi za babu zetu. Na kwa sasa hakina mwenyewe. Kesho saa sita kitakuwa na mwenyewe, Mungu akimwongoza." Akageuza macho taratibu kuelekea mlango wa choo. Ottmar naye akageuza. Mmarekani akawafuata kwa macho, na kule mwisho wa njia ya macho ya wote watatu alikuwapo Gundolf Strehl, mtu mwaminifu, ameshika glasi yake kama mtoto wa komunyo.

Wendell alimaliza pils yake, akalipa, akasimama. Alipopita kando ya Meza ya Wenyewe aligonga ubao wake mara mbili kwa konzi, ko-ko, jinsi wenyeji wanavyoagana pale badala ya kupeana mikono. Gundolf aliona. Jambo hilo lilibisha hodi akilini mwake: mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana kalijulia wapi? Lakini mlango wa akili ulikuwa tayari umekaliwa na tamaa, na tamaa haifungulii wageni.

Alimfuata nje.

Bustani ya baa ilikuwa imejaa majani makavu ya miti ya chesnati, na viti vilikuwa vimekunjwa kwa ajili ya baridi. Gundolf alikunjua viwili. Tayari alikuwa akibishana na dhamiri yake, na dhamiri ilikuwa inachoka. Kutapeli, alijieleza, ni kuuza kitu kisicho chako. Kiti kitakuwa chake kesho. Basi kuuza leo kitu cha kesho ni biashara tu. Wakulima wanafanya kila mwaka na wanaitwa watu wa Mungu. Tena yeye hatakiuza kiti chenyewe hasa. Nyumbani alikuwa na kiti cha mbao cha jikoni, kizee, kinacholia ukikikalia. Mmarekani ataandikiwa "kiti," atapewa kiti, atakipandisha ndege mpaka Toledo na kukiwekea taa. Nafasi mezani itabaki kwa Gundolf. Neno moja, mambo mawili, na uongo hata mmoja haumo. Alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.

"Bwana Wendell," alisema, na mkono wa kulia ukapata bega lake. "Mimi ndiye yule wa kesho."

"Wewe ndiyo mwenye kiti!"

"Kiti cha Alois. Marehemu alikuwa kama ndugu yangu." Alois hakuwahi kumsalimia. "Inaniuma kukitoa. Lakini nikikutazama naona mtu anayeijua pils kwa moyo."

"Mimi nalipa pesa," alisema Wendell, akatoa bahasha nene akaiweka juu ya meza. Kisha akajishika kichwa. "Kuna kitu nyingine mkobani, lakini hapana. Hiyo nimemwahidi mtu wa Munich."

"Kitu gani hicho?"

"Hapana, hapana. Wewe chukua pesa."

Laiti angechukua. Lakini Gundolf alikuwa mtapeli wa miaka arobaini, na mtapeli haamini kilichowekwa mezani. Huamini kilichofichwa mkobani.

"Rafiki yangu," alisema taratibu, "baina ya watu wa pils hakuna siri."

Wendell akasitasita, akajikuna ndevu, akatoa karatasi yenye muhuri mkubwa mwekundu. Ilikuwa ni haki ya kuuza pils yake ya nanasi katika Ujerumani yote, mtu mmoja tu, maisha yake yote. Kule Amerika, alisema kwa huzuni, mtu aliyepata haki ya jimbo moja tu sasa ana boti mbili. Na mzigo wa kwanza umeshafika kwa meli, katoni mia nne, uko ghalani unangoja mwenyewe. Yule wa Munich atakuja kesho.

"Wa Munich!" Gundolf alishtuka kikweli, maana hakuna jina linalomchoma mtu wa Hollerbrunn kama hilo. "Utawapa watu wa Munich?"

"Yeye aliomba kwanza."

"Na kiti ameomba nani?"

Wendell alimtazama, akaitazama karatasi, akatoa pumzi ndefu ya mtu anayeuza ng'ombe wa urithi. Akairudisha bahasha mfukoni na kuisukuma karatasi mbele. Gundolf aliipiga sahihi kabla wino wa fikra haujakauka. Na msomaji asiulize mtu mwenye akili alitegemea kumwuzia nani pils ya nanasi katika nchi ya Wajerumani. Atauziwa mtalii, alifikiri. Siku zote yupo mtalii.

Kisha kwa upande wake alichukua kikadi cha kuwekea glasi, kwani pale mikataba mizito yote huandikwa hapo, akaandika: *Mimi Gundolf Strehl namwuzia Bwana Wendell Tibbets kiti changu cha Meza ya Wenyewe, mara tu kitakapokuwa changu.* Neno "kiti" alilipamba kwa mkia.

"Kiti," alisoma Wendell polepole, kidole juu ya neno. "Hiki kiti, siyo kingine?"

"Kiti ni kiti, ndugu yangu."

"Sawa," alisema Wendell. "Kiti ni kiti."

Alhamisi kengele ya saa sita ililia, na Gundolf aliingia Jogoo Mwekundu amevaa suti ya mazishi ya mama yake. Wote watano walikuwapo. Daktari alisimama.

"Kuna mtu yeyote hapa," aliiuliza baa nzima, "anayeweza kusema Bwana Strehl amemtapeli katika mwaka huu?"

Watu walitazamana. Mwoka mikate alikiri kwamba alirudishiwa pochi. Mjane wa posta alisema Bwana Strehl alimwambia saa yake ya ukutani haina thamani yoyote, na kwamba aliumia, lakini ni kweli. Hakukuwa na mwingine.

"Basi," alisema Daktari, na sauti yake ililegea kidogo, kwani hata yeye hakutegemea, "kiti ni chako ukimaliza glasi ya kwanza. Gundolf, karibu. Keti."

Gundolf. Bila Bwana mbele wala Strehl nyuma. Alikaa, na kiti cha Alois kilimpokea bila kulia. Ottmar alimsukuma kiwiko.

"Gundolf, umevaa kama maiti."

Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote alizowahi kuambiwa.

Mama Burgl alishika bomba akaanza kumimina. Mara ya kwanza, akaacha povu litulie. Mara ya pili, akaacha. Wakasimuliana habari za jino la mke wa Ottmar. Katika dakika ya tano mlango ulifunguka, akaingia Wendell Tibbets amevaa suruali ndefu na koti la sufu la Kifranconia, kama la wenyeji, lenye vifungo vya pembe. Alikwenda mpaka mezani. Ko-ko.

"Salamu zenu nyote," alisema. "Poleni kwa kuwakatiza, najua mtu wenu anasubiri glasi yake. Sitachukua muda."

Ottmar alidondosha kijiti cha meno. Ilikuwa si lugha tu, ilikuwa lafudhi ya Hollerbrunn yenyewe, ile ya upande wa stesheni, ile inayomeza nusu ya maneno na kutafuna nusu iliyobaki.

"Umejifunza lini?" alinong'ona Gundolf.

"Miaka kumi na moja nilikuwa askari katika kambi yetu hapo ng'ambo ya mto. Kila Jumamosi nilikunywa hapa. Mama Burgl ananikumbuka. Wakati huo sikuwa na ndevu wala hiki." Akapiga kitambi chake. "Wewe hukunikumbuka, Bwana Strehl. Si kosa lako. Umekutana na watu wengi."

Aliingiza mkono mkobani akatoa kipande cha zege, akakiweka katikati ya meza. Upande mmoja ulikuwa na rangi ya kijani.

"Nilikinunua kwako siku uhuru ulipofika. Nilikuwa na miaka ishirini. Nikakipeleka Toledo, nikakiwekea taa, nikakionyesha kila mtu aliyeingia baa yangu. Miaka ishirini na minne! Hata baba yangu, ambaye hakuwahi kulia, alikililia machozi. Kisha siku moja akaja mteja, fundi ujenzi. Akakitazama akasema, kaka, hii ni gereji."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomtisha Gundolf. Kisha Ottmar akakigeuza kipande, akaitambua rangi ya ukuta wa gereji aliyokuwa akipita mbele yake kila asubuhi ya ujana wake, na meza yote ikaangua kicheko mpaka kibao cha chuma kikayumba.

Wendell alitoa kikadi akampa Daktari. Daktari alivaa miwani akasoma kwa sauti, mpaka kwenye mkia wa neno "kiti."

"Gundolf," alisema. "Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu. Lakini hapo tusikimbilie! Nilisema kiti. Kiti! Ninacho nyumbani, cha mbao, kizuri, miguu minne yote ipo. Kiko tayari kusafiri."

Daktari alivua miwani. Alikuwa ametumia maisha yake akiwaambia wakulima kwamba ng'ombe wao hatapona, na aliijua sauti inayofaa.

"Tupige hesabu pamoja. Ukisema ulimwuzia huyu kipande cha mbao huku yeye akijua ananunua nafasi hii, basi jana, Jumatano, ulimtapeli mtu. Mwaka haukutimia, na kiti hiki hakijawahi kuwa chako."

"Na nikisema nilimwuzia nafasi?"

"Basi wewe ni mtu mwaminifu, mwaka umetimia, kiti ni chako. Na mara tu kitakapokuwa chako, ni chake. Kama ulivyoandika."

Wakati huohuo Mama Burgl alifika na glasi. Povu lilisimama jeupe juu ya ukingo. Aliiweka mbele ya Gundolf bila kumtazama, akanyoosha kikadi chini yake.

"Dakika saba," alisema. "Kitu kizuri hakiharakishwi." Akamkonyeza Wendell, na Gundolf akaelewa ni nani aliyempigia Mmarekani simu kumwambia kwamba kiti kimebaki siku chache kipate mwenyewe, na mwenyewe huyo haachi kuuza.

Arobaini zake zilikuwa zimefika, na zilikuwa zimefika na povu.

Aliwatazama wale watano. Njia ya kwanza ilikuwa rahisi: akane, asimame, atoke mtapeli kama alivyoingia. Alifungua mdomo kukana. Lakini kiwiko cha Ottmar kilikuwa bado kimegusa chake, na hakikuwa kimeondolewa.

"Nilimwuzia nafasi," alisema Gundolf.

Mwoka mikate alipiga makofi. Mjane wa posta alijifuta jicho. Daktari alisimama akampa mkono, akasema kwa dhati kwamba katika miaka arobaini hajaona biashara safi kama hiyo, na kwamba meza inajivunia.

"Kunywa, Gundolf," alisema. "Ukiimaliza, tutamkaribisha mwenzetu."

Ukiimaliza. Gundolf aliitazama glasi, akaitazama tena, na uso wake ukapata nuru ndogo. Akainua, akalowesha mdomo wa juu, akarudisha.

"Haraka haraka haina baraka," alisema.

Na hivyo ndivyo ilivyonywewa pils ndefu kuliko zote za Hollerbrunn. Saa saba ilipita, Gundolf akiwa hajafika katikati ya povu. Walicheza karata, na aligawiwa karata mbaya, na Ottmar alimtukana kwa jina. Walibishana kuhusu reli. Wendell, aliyekuwa amevuta kiti cha wageni nyuma yao kwa heshima na subira ya mtu aliyengoja miaka mingi, alitoa mkobani chupa ya kahawia isiyo na picha yoyote, akampa Mama Burgl. Yeye akaimimina kwa dakika saba, akamgawia kila mmoja kidogo. Ilikuwa ya dhahabu safi, chungu mwanzoni, tamu mwishoni, na baada ya kuionja wote watano waliangalia kiti cha Alois.

"Hii umepika wewe?" aliuliza Daktari. "Huko Amerika?"

"Mimi. Nilijifunza kwa kukaa hapa nikisubiri glasi yangu."

"Na ile ya nanasi?"

"Ile ni ya kuuza. Hii ni ya kunywa."

Saa nane lori liliegesha nje, na dereva akaingia akauliza nani ni Bwana Strehl, ana katoni mia nne za bia ya nanasi na atazishusha wapi. Walicheka tena, na Gundolf akacheka nao, kwani mtu wa mezani hucheka na wenzake. "Gundolf, zitaenda gereji," alisema Ottmar. "Lo, pole, gereji uliiuza." Gundolf alihifadhi hilo pia. Alikuwa anayahesabu: Gundolf, lete karata. Gundolf, wewe ni punda. Gundolf, bia yako imepata joto mpaka imekuwa chai. Yalifika kumi na tisa.

Lakini glasi ina mwisho hata kwa mtu mwenye midomo midogo. Ilipokaribia saa tisa lilibaki funda moja, bapa, vuguvugu, halina hata kiputo. Alilishika mdomoni kwa muda mrefu kadiri mtu anavyoweza kuhimili bila kupumua. Kisha akameza.

Daktari alijikohoza. Wendell alisimama, akavua kofia, na alikuwa na adabu ya kutotabasamu. Ottmar aliondoa kiwiko chake taratibu, kana kwamba alikuwa akikiondoa kwa mtoto aliyelala.

"Bwana Strehl," alisema Daktari kwa upole wote aliokuwa nao, "sogea kidogo, mwenye kiti apite."